Unyenyekevu wa Kikristo Kerugoya na nchi ya Mlima Kenya

Unyenyekevu, katika mafundisho ya Kikristo, ni mtu kujijua alivyo mbele ya Mungu, asijikweze wala asijidunishe, na kuwatumikia wenzake kutoka hapo alipo. Adui yake ni kiburi: kujihesabia haki, kupenda makuu, kudharau wengine na kukataa kuonywa. Makala hii inahusu namna fundisho hilo lilivyopokelewa na kutendwa Kerugoya, mji wa Kirinyaga kusini mwa Mlima Kenya, na katika misheni na miji jirani ya Nyeri, Murang'a na Embu tangu mwanzo wa karne ya 20. Makanisa ya huko yanatofautiana kwa mengi. Hata hivyo historia yao ina jambo moja linalojitokeza: kwa watu wengi wa mlimani unyenyekevu ulikuwa tendo la hadharani, lenye utaratibu na mashahidi, na kuna waliolipia kwa uhai wao.

Mizizi ya fundisho

Wakristo walilipata fundisho hili katika maisha ya Yesu mwenyewe, aliyelazwa horini alipozaliwa, akawaosha wanafunzi wake miguu kama mtumwa wa nyumba, na kuuawa kifo cha mhalifu. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi waige moyo huo wa kujishusha. Kati ya waliolichimba zaidi suala la kiburi katika karne zilizofuata walikuwamo Waafrika: watawa wa jangwa la Misri katika karne ya 4, na Agustino wa Hippo, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, aliyefundisha kwamba kiburi ndicho chanzo cha dhambi zote. Benedikto wa Nursia, katika karne ya 6, aliwawekea watawa wake ngazi 12 za unyenyekevu. Mwishoni mwa karne hiyo Papa Gregori Mkuu alikitaja kiburi peke yake, kama mzizi unaovizaa vichwa saba vya dhambi.

Waswahili husema mpanda ngazi hushuka. Methali hiyo inamwonya aliye juu kwamba siku yake ya kuanguka yaja. Fundisho la Kikristo linamtaka ashuke kwa hiari yake, ngazi ingali imara. Tofauti hiyo ndiyo iliyoleta msukosuko mlimani.

Wazee na wasomaji

Injili iliingia katika jamii ambayo heshima ilikuwa imepangwa kwa uangalifu. Miongoni mwa Wandia na Wagichugu, wenyeji wa Kirinyaga, mwanamume alipanda daraja kwa jasho lake. Alifyeka msitu, akalima, akaoa, akalea, akatoa mbuzi kwa baraza la wazee, kiama, na kila daraja likampa haki zaidi ya kusema mbele za watu. Asiye na kitu alisikiliza. Mwenye majigambo matupu alichekwa, kwa hiyo si kweli kwamba jamii hiyo ilikisifu kiburi. Lakini kuyahifadhi mambo ya nyumba yako kulikuwa sehemu ya utu uzima, na aliyeyaanika aliuaibisha ukoo wote.

Wamisionari Wakatoliki wa Consolata waliingia Murang'a mwaka 1902, wakaenea Nyeri na Kirinyaga. Wapresbiteri wa Scotland walijenga Tumutumu, karibu na Karatina. Waanglikana wa shirika la misheni la CMS walifungua Kabare mwaka 1910, mwendo mfupi kutoka Kerugoya, na baadaye Mutira. Wote walimhubiri Yesu mnyenyekevu, na wote, pasipo kukusudia, walileta daraja jipya la kujivunia. Wakristo wa kwanza waliitwa athomi, yaani wasomaji. Msomaji alikuwa na kitabu, kisha shati, kisha viatu na nyumba ya pembe nne, na punde mshahara wa ualimu au ukarani. Katika muda wa kizazi kimoja mzee wa kanisa akawa mtu mkubwa kama mzee wa kiama, tena mwenye kalamu. Juu yao wote alikaa mmisionari Mzungu, na mara nyingi Mwafrika aliyehubiri pamoja naye asubuhi hakualikwa mezani kwake jioni.

Uamsho na kuvunjika

Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kutokana na urafiki huo, na toba zilizozuka Gahini katika miaka iliyofuata, ukatokea Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1937 timu yake ilihubiri Kabete, karibu na Nairobi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 uamsho ulikuwa umekwisha kupanda Murang'a, Nyeri, Kirinyaga na Embu. Kati ya viongozi wake Wakikuyu alikuwamo Obadiah Kariuki, ambaye mwaka 1955, pamoja na Festo Olang', aliwekwa wakfu kuwa miongoni mwa maaskofu wa kwanza Waafrika wa Kianglikana nchini Kenya.

Waliookoka waliitwa ahonoki kwa Kikuyu. Wenyewe waliitana ndugu na dada, wakasalimiana kwa kumsifu Bwana, na wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, ukawa kitambulisho chao toka Rwanda hadi Embu. Hawakuanzisha kanisa lao. Walibaki Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti, na kati ya wiki walikusanyika katika ushirika, nyumbani kwa mmoja wao au kanisani.

Neno lao kuu lilikuwa kuvunjika. Walifundisha kwamba moyo wa mtu una shingo ngumu ambayo haikunjwi kwa mawazo mema wala kwa maombi ya sirini peke yake. Inakunjwa mtu anaposema ukweli juu yake mwenyewe mbele ya wale ambao angependa wamheshimu. Kwa hiyo katika ushirika mmoja alisimama, akataja siku aliyookoka, kisha akaleta habari za wiki hiyo. Kukiri kwamba yeye ni mwenye dhambi hakukutosha, maana hilo mtu anaweza kulisema na heshima yake ikabaki palepale. Ndugu walitaka dhambi yenyewe itajwe: amesogeza mpaka wa shamba, amempiga mkewe, jembe la jirani liko kwake, amemchukia dada yule aliyeketi karibu na dirisha. Akimaliza, wenzake waliimba Tukutendereza na kumkumbatia. Kisha alikwenda kulipa. Waliorudisha vitu vya wizi, waliokwenda kwa mwajiri kukiri fedha zilizopungua, na waliopeleka kodi waliyokwepa, walikuwa wengi kiasi kwamba hata wasioamini waliwajua ahonoki kwa jambo hilo.

Utaratibu huu uliipindua ngazi ya zamani pamoja na ile mpya. Haki ya kusema haikutegemea mbuzi wala cheti. Mwanamke mkulima asiyejua kusoma aliweza kusimama na kumwonya mchungaji wake, na mchungaji alitarajiwa kunyamaza asikilize. Kijana aliweza kumwambia mzee kwamba amejaa makuu. Jambo lililowashangaza watu kuliko yote ni wamisionari waliosimama wakatubu dharau yao kwa Waafrika mbele ya Waafrika wenyewe, katika koloni ambalo mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, cheti cha utambulisho, na hakukaribishwa katika hoteli za Wazungu. Hakuna sheria ya koloni iliyobadilika kwa ajili ya toba hizo. Lakini waliozishuhudia walikuwa wameona jambo ambalo ubaguzi wa rangi ulisema haliwezekani.

Upinzani ulikuja upesi. Wazee wa kanisa, Tumutumu hasa, walilalamika kwamba ahonoki wanaanika siri za nyumba na kuvunja adabu. Malalamiko yao hayakuwa ya bure. Anayekiri uzinzi hakiri peke yake. Anamtaja, hata kwa kunyamaza, mtu mwingine ambaye hakuomba kutajwa, na watoto wa nyumba mbili wanaamka kesho yake wakiwa gumzo la soko. Uamsho haukuwahi kulipatia swali hilo jibu la kuridhisha. Katika vikundi vingine ndugu wenye busara walizoea kumsikiliza mtu faraghani kwanza, wakamshauri lipi aseme hadharani na lipi alimalize na mhusika peke yake.

Mafundisho haya yalivuka bahari. Mhubiri Mwingereza Roy Hession, baada ya kukutana na watu wa uamsho waliotoka Afrika Mashariki, alichapisha mwaka 1950 kitabu The Calvary Road, ambacho kiini chake ni huko kuvunjika. Ilikuwa nadra katika miaka ile Waingereza kufundishwa maisha ya kiroho na watu wa makoloni yao.

Hali ya hatari

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari ili kuukabili uasi wa Mau Mau. Mau Mau walidai ardhi na uhuru, dai la haki, na waliwafunga watu kwa kiapo. Ahonoki wengi walikikataa kiapo kwa sababu za imani. Wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za Home Guard, walinzi wa upande wa serikali, wakisema hawawezi kumuua ndugu ambaye Kristo alimfia. Basi kwa wapiganaji walikuwa wasaliti, na kwa serikali walikuwa watu wasioaminika. Kuna waliopigwa, kuna waliochomewa nyumba, kuna waliouawa.

Ujasiri huo una uhusiano na unyenyekevu kuliko unavyodhaniwa. Mtu ambaye amekwisha kuzitaja aibu zake mbele ya kijiji kizima hana siri ya kutishiwa nayo, wala hana jina kubwa la kulinda. Si kila aliyekataa kiapo alikataa kwa roho hiyo. Wapo waliokuwa na duka, cheo au shamba lililowapa sababu ya kukaa upande wa serikali. Lakini wale waliozikataa silaha za pande zote mbili hawakuwa na faida ya kuifuata.

Kumbukumbu yao ipo Murang'a. Mwaka 1955 Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliweka jiwe la msingi la kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, ambalo leo ni kanisa kuu. Mwaka 1959 msanii Elimo Njau, Mchaga wa Tanganyika, alichora ukutani mwake picha tano kubwa za maisha ya Yesu, kuanzia kuzaliwa hadi kusulubiwa. Yesu wake ni Mwafrika, na nchi iliyomzunguka ni ya milima na mabonde ya Kikuyu.

Mpresbiteri John Gatu, mtu wa uamsho ambaye katika ujana wake alikula kiapo cha Mau Mau, alilipeleka suala la unyenyekevu mahali pengine kabisa. Mwaka 1971, akiwa Milwaukee nchini Marekani, alitaka wamisionari na fedha za nje visimamishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yajitegemee. Aliambiwa kwamba hicho ni kiburi. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii alikuwa sahihi: kupokea siku zote huku ukijiita mnyonge kunaweza kuwa uvivu uliovaa kanzu ya unyenyekevu, na kutoa siku zote kunaweza kuwa kiburi cha mtoaji.

Njia ya ukimya

Wakatoliki wa mlimani hawakuwa na ushirika wa toba za hadharani. Kwao dhambi hupelekwa kwa padri katika kitubio. Mfano wao mkubwa ni Sista Irene Stefani wa Consolata, aliyezaliwa Anfo, Italia, mwaka 1891 na kufika Kenya mwaka 1915. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwauguza wapagazi katika hospitali za kijeshi za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, mahali ambapo wapagazi walikufa kwa maelfu kwa kuhara, malaria na njaa. Kuanzia mwaka 1920 aliishi Gikondi, Nyeri. Alifundisha, alipanda na kushuka vilima kuwatembelea wagonjwa, na aliwaandikia barua akina mama waliotaka kupata habari za watoto wao walioondoka kutafuta kazi. Watu walimwita Nyaatha, mwenye huruma. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930 kwa ugonjwa alioambukizwa na mgonjwa wa tauni aliyemhudumia. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa mwenyeheri mjini Nyeri katika misa iliyoongozwa na Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam, na masalia yake yamo katika kanisa kuu la Nyeri.

Akurinu, kanisa la kienyeji lililozuka miongoni mwa Wakikuyu mwishoni mwa miaka ya 1920, nao wana njia yao: kilemba cheupe, kuvua viatu mahali pa ibada, maisha ya kiasi. Mwaka 1934 polisi wa kikoloni waliwaua baadhi ya viongozi wao msituni Ndaragu. Vilemba vyao ni kitu cha kila siku katika masoko ya Kirinyaga.

Kiburi cha waliookoka

Adui aliyeushinda uamsho mara nyingi hakutoka nje. Ushuhuda uliorudiwa kila wiki uliweza kugeuka utaalamu: mtu akajua dhambi gani zinasisimua, wapi pa kulia, na namna ya kukiri makosa ya zamani kwa ufasaha huku ya jana akiyaacha nyumbani. Waliovunjika wakaanza kuwapima wasiovunjika. Nani amevaa tai? Nani amechukua mkopo? Nani amefuga mbwa, au ameposa msichana asiyeokoka? Mwaka 1957 huko Nyanza kundi la Johera, watu wa upendo, chini ya Abednego Matthew Ajuoga, lilijitenga na Kanisa la Anglikana na kuanzisha Church of Christ in Africa, likilalamika pamoja na mengine kwamba watu wa uamsho wamekosa upendo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchini Uganda walitokea Abazukufu, kundi lililoongozwa na Yona Mondo, wakiwashutumu ndugu zao kwamba wamelala usingizi na kuiga dunia. Mifarakano ya namna hiyo iliingia Kenya pia, na kuna ndugu wa ushirika mmoja walioacha kusalimiana.

Hili ndilo tatizo gumu la somo lote, na watawa wa Misri walilijua zamani: anayeshinda majivuno ya mali anaweza kujivunia ushindi huo. Uamsho ulikuwa na dawa nzuri ya kiburi cha cheo, rangi na elimu. Kwa kiburi cha utakatifu dawa yake ilikuwa ileile, kukiri zaidi, na hapo haikufanya kazi vizuri, kwa sababu kukiri kwenyewe ndiko kulikokuwa jambo la kujivunia.

David Gitari

Mwana wa Kirinyaga aliyewalazimisha watu kulifikiri upya suala hili ni David Gitari, aliyezaliwa Ngiriambu mwaka 1937 katika nyumba ya mwinjilisti. Aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Mlima Kenya Mashariki mwaka 1975. Dayosisi hiyo ilipogawanywa mwaka 1990 akawa askofu wa kwanza wa Kirinyaga, ambayo kanisa kuu lake ni la Mtakatifu Tomaso, Kerugoya, na mwaka 1997 hadi 2002 alikuwa Askofu Mkuu wa Kenya.

Wengi wa ahonoki waliiona siasa kuwa mambo ya dunia, na utii kwa watawala kuwa sehemu ya kujishusha. Gitari alihubiri tofauti. Serikali ilipoleta upigaji kura wa mlolongo, wapiga kura wakipanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake, aliupinga mimbarani na kuonyesha kwa Biblia namna wenye nguvu wanavyowaonea wadogo. Aliitwa mwenye kiburi, askofu asiyejua mipaka yake. Mwezi Aprili 1989 genge lilivamia nyumba yake usiku. Alipanda juu ya paa, akapiga kelele, na majirani wakaja kumwokoa. Aliendelea kuhubiri. Alifariki tarehe 30 Septemba 2013.

Kesi yake inaonyesha kosa ambalo ni la kawaida nchini Kenya hadi leo, la kudhani kwamba mnyenyekevu ni anayenyamaza mbele ya mkubwa. Kwa kipimo cha ushirika wa miaka ya 1940, mambo ni kinyume: mwanamke mkulima aliyemwonya mchungaji wake hakuwa amekosa unyenyekevu, na mchungaji aliyemnyamazisha ndiye aliyepaswa kutubu. Askofu anayemwonya rais yuko katika mstari huohuo. Gitari hakuwa mtu mpole wa sauti, na wapo waliofanya kazi naye waliomwona mkali. Ukali na kiburi hukaa karibu, ila si kitu kimoja.

Hali ya sasa

Vikundi vya ushirika bado hukutana Kirinyaga, Nyeri na Embu, na wengi wa wahudhuriaji wake ni wazee. Vijana wengi wamehamia makanisa ya Kipentekoste, ambako ushuhuda wa kawaida ni wa baraka zilizopatikana, gari, kazi au visa, kuliko wa dhambi zilizoachwa, na ambako mhubiri anaweza kuwa mchungaji mwaka huu, askofu mwaka ujao na mtume baada ya hapo. Makanisa ya zamani hayana haki ya kuwacheka. Kwa miongo mingi yenyewe yalimwekea mwanasiasa kiti cha mbele na kumpa kipaza sauti baada ya mahubiri, hasa siku ya harambee.

Tarehe 12 Septemba 2021, Butere, katika ibada ya kumsimika Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kianglikana nchini Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatahutubia tena katika ibada za kanisa lake. Maaskofu Wakatoliki walichukua msimamo wa namna hiyo. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza Rais William Ruto arudishiwe fedha alizolitolea kanisa katika parokia moja ya jiji hilo. Agizo la kuwanyima wanasiasa kipaza sauti ni rahisi kulisimamia ndani ya jengo la kanisa kuliko mazishini, ambako waombolezaji wenyewe hutaka mheshimiwa aseme neno. Viti vya mbele havikuguswa na tangazo lolote.